Taa Ikifa ni ya Nani?

Tumeletewa swali na ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani, ambaye kazi imemhamisha na sasa akaa Gitothua, katika mji wa Ruiru, njia ya kwendea Thika. Aeleza kuwa zamani, alipokuwa akiishi kijijini ambako nyaya za umeme zilikuwa hazijafika, alinunua taa za sola kwa kulipa kidogo kidogo. Alipohamia Gitothua alizibeba pamoja na vyombo vyake. Nyumba aliyopanga ina umeme. Betri ya zile taa imekufa, na paneli imeegemezwa nyuma ya mlango. Kila wiki hupita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, naye yu tayari kumpa shilingi chache kwa vyote pamoja. Ndugu yetu auliza: nikimuuzia, nimemaliza? Au liko jambo lililobaki juu yangu?

Wako watakaoona kuwa hili si swali la kuletwa mbele ya watu wenye kusoma. Taa imekufa, itupe. Mnunuzi yuko, muuzie. Sisi hatuoni hivyo. Twaona kuwa ndani ya swali hili mna mas-ala ambayo wengi wetu hatujapata kuyakabili, nayo ni haya: umiliki wa kitu huisha lini?

Haki za mwenye kitu twazijua kwa moyo. Atakitumia, atakiazima, atakiuza, atampa amtakaye, na akifa watakirithi wanawe. Kwa haki hizi watu hushitakiana hata wakachukiana udugu. Lakini ni nani katika sisi aliyepata kwenda mahakamani kudai kuwa taka fulani ni yake? Kitu kikiwa hai huwa na wenyewe watatu wakigombania. Kikifa hakina mwenyewe.

Wazee wetu hawakulaumika kwa kutolifikiri jambo hili, kwani vitu walivyomiliki vilijua vyenyewe njia ya kurudi vilikotoka. Makuti ya paa yakioza huwa mbolea. Mtungi ukivunjika, magae yake hayamdhuru mtu ila kwa kumkata mguu. Kanzu kuukuu huwa tambara, na tambara huwa si kitu. Mazoea yetu juu ya mali yalikulia katika vitu vinavyokufa kwa upole. Leo twamiliki vitu visivyokufa hivyo, ilhali mazoea yetu ni yale yale.

Natuanze na kukijua kitu chenyewe, maana hukumu juu ya kisichojulikana ni kubahatisha. Kenya ilikuwa katika nchi za mwanzo za Afrika ambazo watu wa kawaida walinunua umeme wa jua dukani kwa fedha zao wenyewe, tangu miaka ya 1980. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa karibu nyumba moja katika kila tano za Kenya yategemea jua kwa kuangazia usiku. Si jambo dogo. Na duniani kote, shirika la kimataifa la nishati jadidifu lilikadiria mwaka 2016 kuwa ifikapo 2050 paneli zilizokufa huenda zikafika tani milioni 78.

Chombo cha sola kina sehemu mbili zenye umri usiolingana, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Paneli ni kitu cha umri mrefu. Kwa uzani, sehemu yake kubwa, kama robo tatu hivi, ni kioo. Kisha fremu ya alumini, plastiki, silikoni kidogo, shaba, chembe za fedha, na risasi kidogo katika maungio yake. Paneli nzuri hupoteza takriban nusu ya asilimia moja ya nguvu zake kila mwaka. Hata baada ya miaka 25 yaweza kuwa ingali na asilimia 80 ya nguvu ilizozaliwa nazo. Huzeeka kama azeekavyo mtu mwenye afya. Plastiki yake yageuka manjano, unyevu wapenya pembeni, maungio yapata kutu. Nasi wa pwani twajua hewa ya chumvi ifanyavyo bati na misumari, haitaihurumia paneli.

Amma betri, hiyo ni kitu cha umri mfupi. Betri ya risasi na asidi, mfano wa zile za magari, aghlabu hufa baina ya mwaka wa pili na wa tano, khasa ikiwa kila usiku hutumiwa mpaka taa izimike. Zile za lithiamu zilizomo katika taa ndogo za siku hizi huishi zaidi kidogo. Basi katika umri wa paneli moja huzikwa betri nne, tano au sita. Na kwa kuwa wengi wetu hatutenganishi hizi mbili, betri ikifa twasema “sola imekufa”, na paneli iliyobakiwa na miaka 15 yatupwa pamoja na maiti ya mwenziwe.

Kwa hiyo jambo la kwanza twamwambia ndugu yetu: paneli iliyo nyuma ya mlango yamkini haijafa. Aitoe juani saa sita mchana, amwite fundi aipime. Lakini fundi apime ampea, si volti peke yake. Kuna hila katika jambo hili ambayo wanunuzi wengi wa paneli kuukuu hawaijui. Paneli iliyochoka, ikipimwa volti bila kubebeshwa kazi yoyote, mara nyingi huonyesha karibu ile ile ya ujana wake. Mshale wasimama pale pale, mnunuzi afurahi, atoa fedha. Akifika kwake, taa haiwaki saa mbili. Mkondo ndio uliopungua, na mkondo hakuonyeshwa. Kipimo kilisema kweli, lakini hakikusema kweli yote. Na katika biashara, anayeichagua nusu ya kweli ili mwenziwe adanganyike ameshadanganya.

Na ghashi hii si ya wauzaji wa mitumba peke yao. Katika miaka ya 1990 maduka ya nchi hii yaliuza kwa wingi paneli ndogo za wati 12 hivi, za aina iitwayo amofasi, kwa sababu zilikuwa rahisi. Tabia ya aina hii ni kwamba hupoteza sehemu ya nguvu zake katika miezi ya mwanzo juani, kisha hutulia. Muuzaji mwaminifu huandika nguvu zitakazobaki baada ya kutulia. Asiyekuwa mwaminifu huandika kubwa kuliko hizo. Mwaka 1999 watafiti, miongoni mwao Arne Jacobson na Daniel Kammen wa Chuo Kikuu cha California, walizipima zilizokuwa sokoni. Wakakuta zilizokuwa karibu na maandishi yake, na zilizokuwa chini mno. Khabari zilipotangazwa, hali ilitengenea. Walakini miaka ya 2004 na 2005 walipopima tena wakakuta dhaifu nyingine zimeingia kwa majina mengine. Mnunuzi wa kijijini, ambaye hana kipimo ila macho yake, alilaumu jua, au mawingu, au fundi.

Sheria yetu ya kuuziana yajulikana katika jambo hili: aijuaye aibu ya bidhaa yake sharti aibainishe, na mnunuzi aliyefichwa ana hiari ya kurudisha. Tumelisoma hili katika mlango wa mauzo tangu tukiwa watoto, na mifano tuliyosomeshwa ilikuwa ya mnyama mgonjwa na nguo iliyotoboka. Twaona kuwa umri wa chombo ni katika aibu zipasazo kubainishwa. Anayekuuzia taa bila kukwambia betri yake itakufa lini, na ikifa utaipeleka wapi, amekuuzia mnyama akaficha meno yake.

Sasa tuje kwenye yale malipo ya kidogo kidogo, maana humo tumeona ajabu. Tangu mwaka 2012 makampuni yalianza kuuza taa za sola nchini Kenya kwa njia ya M-Pesa: mtu hutoa rubuni, kisha hulipa shilingi 40 au 50 kila siku, muda wa mwaka mmoja au zaidi. Ndani ya chombo mna kitu kama laini ya simu. Usipolipa, taa yazimwa kutoka mbali. Hatusemi kuwa njia hii ni mbaya. Imewapa taa watu wengi ambao hawangeweza kutoa fedha zote kwa mara moja, na shilingi 50 hizo pengine walikuwa wakizitumia kila siku katika mafuta ya taa, wakanunua na moshi wake ndani yake.

Lakini mzingatie msomaji. Katika siku zote za kulipa, muuzaji aijua taa yako ilipo. Ajua imewaka au haikuwaka. Mkono wake wafika mpaka ndani ya chumba chako akaizima usiku. Siku uliyotoa shilingi ya mwisho, mkono huo waondoka. Waambiwa, hongera, sasa ni yako. Nayo imekuwa yako wakati gani? Wakati betri yake imekwisha kula nusu ya umri wake. Ilipokuwa na nguvu ilikuwa ya kampuni. Ilipokaribia kufa ikawa ya maskini. Basi aliyeweza kuijua taa katika kila kijiji kwa ajili ya shilingi 50, haelekei kusema kuwa hawezi kuijua kwa ajili ya kuizika. Uwezo anao. Kilichokosekana ni cha kumlazimisha.

Twashukuru kwamba yako makampuni yanayopokea vyombo vyao vikifa, na kwamba sheria imeanza kuamka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imemwekea mtengenezaji na mwenye kuingiza bidhaa nchini jukumu la bidhaa yake hata baada ya kutumika, na mwaka 2024 zikatolewa kanuni za kulitekeleza. Ulaya ziliingiza paneli katika sheria kama hiyo tangu 2012, na huko Rousset, kusini mwa Ufaransa, kikafunguliwa mwaka 2018 kiwanda cha kuchambulia paneli tu. Sheria ya karatasi na sheria ya mtaani ni mbali mbali, kila mtu ajua. Ila ni mwanzo.

Hata hivyo ndugu yetu hakuuliza juu ya kampuni. Ameuliza juu ya nafsi yake. Na hapa twataka kumwambia neno zito kidogo: siku atakayopokea shilingi za mwenye mkokoteni, yeye naye amekuwa muuzaji. Mpaka jana alikuwa mnunuzi, na kama alifichwa jambo ana haki ya kunung’unika. Leo yuko upande wa pili wa mizani, na sharti zile zile alizozitaka kwa wenziwe zamngoja yeye. Je, ajua kilichomo ndani ya anachokiuza? Je, ajua kinakwenda wapi?

Kinakokwenda, sisi watu wa Mombasa hatuna udhuru wa kutokujua. Kilikuja mpaka kwetu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, ukiingia Mombasa kwa barabara ya Nairobi, kilianza kazi mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu ili kupata risasi. Karibu yake waliishi watu wapatao 3,000. Moshi uliingia majumbani, na maji ya kiwanda yalipita katika njia za watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, aliuguliwa na mwanawe mchanga, na ikaonekana kuwa ni risasi, imempata kwa maziwa ya mama yake mwenyewe. Akaacha kazi akasimama kuwatetea majirani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Tarehe 16 Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa hukumu ile, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Madaktari wasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kilicho salama, na kwamba akili ya mtoto iliyopunguzwa na sumu hiyo hairudi kwa fidia.

Mtu atasema: betri zile zilikuwa za magari, si za sola. Nyingi, twakubali. Lakini betri ikishafika tanuruni haiulizwi ilikuwa ikiwasha nini. Zote ni risasi. Na katika wale waliozipeleka, hapana hata mmoja aliyekusudia kumdhuru mtoto wa Owino Uhuru. Kila mmoja alipewa shilingi zake mlangoni kwake, mkokoteni ukaenda zake. Maelfu ya mauzo madogo yasiyo na nia mbaya yakakusanyika mahali pamoja yakawa sumu. Twauliza: dhambi hiyo yagawanywaje? Wako wasemao kuwa likigawanywa jambo kwa watu elfu, kila mmoja apata sehemu ndogo isiyohesabika. Sisi twaiona hoja hii kuwa hatari. Sehemu yako ni ndogo kwa kulinganishwa na jumla, lakini si ndogo kwa kulinganishwa na juhudi ambayo ingekutosha kuiepuka, nayo ni kuuliza tu, “Waipeleka wapi?”

Iko hoja nyingine iliyo nzito zaidi, wala hatutaki kuipita kwa haraka. Mwenye mkokoteni ni maskini, tena afanya kazi ya kheri ambayo mji haumlipi: huokota, hutenganisha, hurudisha chuma na shaba katika matumizi. Tukimkatalia, tumemnyima chakula cha wanawe kwa ajili ya wasiwasi wetu. Kweli kabisa. Kwa sababu hiyo hatumwambii ndugu yetu amfukuze. Fremu ya alumini, nyaya, kioo kilichovunjika, amuuzie au ampe. Lakini betri ya risasi, mwenye mkokoteni hulipia uzani wake, na ikiwa imejaa maji ya asidi mara nyingi humwagwa mferejini ndipo ibebwe, na anayevuta mvuke wake wa kwanza ni yeye mwenyewe. Kumwachia kwa jina la kumhurumia ni huruma ya namna gani? Wauzaji wakubwa wa betri hapa nchini huzichukua kuukuu na kupunguza bei ya mpya. Huko ndiko ipelekwe, nzima, haijafunguliwa.

Na betri ya lithiamu ina mkasa ulio kinyume. Ile ya risasi yatafutwa na wengi kuliko ipasavyo. Hii haitafutwi na mtu. Madini yake hayana bei mtaani, basi hutupwa jaani pamoja na maganda ya ndizi, na jaa likichomwa au gari la taka likiiponda, hulipuka moto. Ndugu yetu hakutuambia yake ni ya aina gani. Aitazame, imeandikwa ubavuni.

Wala pasiwe na mtu wa kutufahamu vibaya tukaonekana twawalaumu watu kwa kuwasha taa. Aliyekuwa gizani akapata nuru hakukosa kitu. Na paneli iliyo hai, kuihamisha kwa mwingine ni jambo jema. Wapangaji wa mitaa kama Gitothua wakipata umeme wa nyaya huzipeleka zao mashambani kwa wazee, na hayo ni matumizi mazuri kuliko yote. Historia ya umeme wa nchi hii yenyewe yasimuliwa kuwa ilianza kwa mashine ya mtumba: jenereta aliyoipata Sayyid Barghash wa Unguja mwaka 1875 kuangazia jumba lake, ambayo mwaka 1908 Harrali Esmailjee Jeevanjee aliinunua na kuileta Mombasa. Mashine ile ilihama ingali hai, na kila mtu alijua anachokipokea. Kumpa mtu kilicho hai ukambainishia umri wake, na kumtupia kilichokufa ukanyamaza, ni mambo mawili, japo yote mawili huitwa “kutoa kitu nyumbani”.

Basi jawabu letu kwa ndugu yetu ni hili. Paneli aipime kwa ampea. Ikiwa ingali na nguvu, aitie betri mpya au ampe asiye na umeme, na amwambie umri wake na kipimo chake. Betri asimpe mwenye mkokoteni. Kutoka Ruiru barabara ya Eastern Bypass yateremka mpaka Utawala, ambako kiko kituo cha WEEE Centre kinachopokea vyombo vya umeme vilivyokufa na kuvichambua. Asiende peke yake na betri moja. Awaulize majirani wa ploti yake, kwani hakika hakuna nyumba Gitothua isiyokuwa na simu iliyokufa au taa iliyozimika chini ya kitanda, wakusanye pamoja, mmoja wao azipeleke.

Ameuliza pia, mwishoni mwa barua yake, nauli ya huko ni ya nani. Kwa haki ingekuwa ya aliyemuuzia, na kampuni ikiwa ingali ipo aiandikie kuitaka iichukue, na kanuni za 2024 zampa nguvu ya kuandika hivyo. Lakini ikikawia kujibu, nauli ni yake. Ni shilingi zilizobaki katika bei ya taa ile, ambazo hakuna aliyemtajia siku aliyoinunua.